Ukihamia Mwanza, tafuta gari au tafuta nyumba? Tubishane kwa hoja

Mleta mada: Mgeni wa Mawe

Wakuu, mwangaluka. Nimehamishiwa Mwanza kikazi nikitokea Dodoma, na tangu barua itoke ushauri ninaopewa ni mmoja: kabla ya kitanda, nunua kagari kadogo, ka-IST. "Mwanza milima mitupu, bila usafiri utakoma." Ofisini hivyo, kanisani hivyo. Dalali aliyenizungusha Buswelu alikuwa ananionyesha pa kuegesha gari kwanza, choo baadaye, na gari lenyewe sina.

Mimi napinga. Naona Mwanza ni jiji la kuishi bila gari kuliko miji mingi ya nchi hii, kwa sharti moja: uchague nyumba kwa kutazama barabara, usiichague kwa kutazama ziwa.

Angalieni jiji lilivyokaa. Huku ziwa, kule vilima vya mawe, watu wamebanana katikati. Barabara kubwa zinazotoka mjini ni tatu. Ya Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Ya Nyerere inapita Mabatini, Nyakato, Igoma, inaelekea Kisesa. Ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Daladala nyingi zinashinda kwenye hizo tatu. Ukipanga karibu na mojawapo, kiasi cha kutembea bila kutoa jasho, gari litakupitia hata kabla hujafika kituoni. Dodoma mtu analala Nkuhungu, kazi iko Mtumba, katikati ni tambarare isiyoisha. Kule gari nalielewa.

Na nauli siyo ya kutisha. Desemba 2023 LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, walipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Pigeni hesabu ya mwezi kwenda na kurudi, kisha mnitajie mafuta, bima, fundi na ushuru wa maegesho.

Hoja yangu ya pili ndiyo itakayoleta ugomvi. Kila tukilia foleni, dawa inayotajwa ni kupanua barabara. Nasema fedha ya kwanza iende kwenye njia za miguu, ngazi za vilimani na vituo vyenye paa, kwa sababu huko ndiko waliko watu wengi. Karibuni.

Baba wa Watatu, Buswelu

Mleta mada, wewe bado hujaoa, sivyo? Maana hesabu yako ina nauli ya mtu mmoja.

Panda na watoto watatu wenye mabegi saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone. Konda akiona sare za shule anaangalia pembeni, kwa sababu mwanafunzi analipa nauli pungufu na anajaza nafasi ileile. Watoto wanaachwa kituoni gari la tatu, la nne. Hilo halimo kwenye mada yako kabisa.

Kingine, unasema tuchague nyumba karibu na barabara kama vile nyumba hizo zimetandazwa kama dagaa. Kando ya lami kodi iko juu, kelele usiku kucha, na kiwanja hakuna. Viwanja vilivyopimwa, vya bei anayoiweza mtumishi, viko nyuma huko: Buswelu ya ndani, Nyamhongolo, Kishiri. Mtu akitaka kujenga anafuata ardhi ilipo, barabara itamfuata baadaye au isimfuate. Kwa hiyo ushauri wako ni wa mpangaji. Mwenye nyumba yake huku, gari siyo anasa.

Na usiku je? Mtoto akipandisha homa saa nane usiku, hospitali ya Bugando iko juu ya kilima, mimi niko huku. Nimpakate kwenye bodaboda?

Kijiwe cha Nyegezi

Sisi tupo hata saa nane usiku baba, piga simu tu. 😀 Ila kweli mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe hatumbebi, mwite bajaji.

Mleta mada nakuunga mkono, watu wasinunue magari. Ila na wewe usitusahau. Umeandika daladala, daladala, boda hujataja hata mara moja. Nani anamtoa abiria lami anampeleka nyumbani? Sisi. Halafu ndio wa kwanza kufukuzwa mjini kila ukifanyika usafi wa jiji.

Mama Dagaa

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Nyote mnaongelea kwenda ofisini na begi la kompyuta. Njooni mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki.

Mimi nachukua mzigo alfajiri, gunia la dagaa wa kukaanga na wakati mwingine sato kwenye ndoo. Gunia kwenye daladala lina nauli yake, na nauli hiyo haijaandikwa popote, ni sura ya konda ilivyoamka siku hiyo. Ndoo ya sato ndiyo kesi zaidi. Ukiweka miguuni inachuruzika, dada aliyevaa viatu vya kazini anaanza kupiga kelele, konda anakwambia "mama shuka na samaki wako", hapo umeshalipa. Naishia kukodi bajaji na faida ya nusu siku imeondoka.

Je, ninunue gari? La nini, na nitaliweka wapi? Naishi Mabatini juu. Pale kwangu hata mkokoteni haufiki, mzigo unapanda kichwani. Mimi nataka gari la abiria lenye sehemu ya mzigo na bei ya mzigo iliyobandikwa mlangoni kama ilivyobandikwa nauli. Hilo tu. Linahitaji mkopo wa Benki ya Dunia?

Jirani wa Mawe, Igogo

Mama Dagaa umenena. Watu wa "barabara ipanuliwe" hawajui kwamba sehemu kubwa ya Mwanza haina barabara ya kupanua. Ukifika kwetu gari linaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi na vijia kati ya majabali. Zipo sehemu zilizotengenezwa vizuri, mawe yamepangwa na saruji, unapanda bila wasiwasi. Halafu ghafla zinakatika, unashika ukuta wa jirani, unakanyaga jiwe lililolainishwa na nyayo za miaka. Mvua za masika zikinyesha kijia ndicho mfereji: maji yanashuka na mchanga, taka na ndala ya mtu. Bibi yangu mvua ikianza haendi kliniki mpaka pakauke. Tukipata msiba tunabeba jeneza wanaume wanane, tunashuka kwa kupokezana.

Ngazi zikamilike, ziwekwe vyuma vya kushikilia na taa. Mawe tunayo ya kutosha mpaka tunakerwa nayo, na vijana wa kuyaponda na kuyapanga wako hapahapa mtaani. Nikisikia gharama, nacheka.

Mhandisi wa Kahawa

Ninyi nyote mnamshambulia mpanua barabara bila kumsikiliza. Mleta mada anajisifia zile barabara tatu, lakini ubaya wa Mwanza ni hizohizo tatu. Zote zinakutana mjini. Mtu wa Buhongwa akitaka kwenda Igoma, kwa daladala mara nyingi inabidi aingie mjini kwanza, abadilishe gari, atoke tena. Nauli mbili, foleni mbili. Mvua kubwa ikipiga, mto Mirongo ukajaa, Mkuyuni pakafungana, jiji zima linasimama kwa sababu hakuna pa kupitia pengine.

Ile njia ya Buhongwa hadi Igoma kupitia Kishiri ndiyo mkombozi wa asiye na gari. Ikikaa sawa, daladala zitaizunguka milima kwa nyuma. Kwa hiyo barabara si adui wa mtembea kwa miguu. Inategemea inakwenda wapi na nani amepewa leseni ya kupita hapo. Zaidi ya watu milioni moja wa wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa sensa ya 2022 hamuwezi kuwahudumia kwa ngazi.

Mtu wa Ng'ambo

Naongeza la kwetu Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, tunashukuru, hatulali tena tukingoja pantoni. Ila oneni lilivyo kwa asiye na gari. Enzi za pantoni nilikuwa nafika kwa boda, navuka kwa mguu na kapu langu, upande wa pili nachagua gari. Sasa lazima niwe ndani ya gari linalovuka. Njia ya waenda kwa miguu ipo pembeni, lakini nani anatembea kilomita 3 juani na mzigo? Tunapanda michomoko, vile vigari vidogo vya abiria, watu wanne siti ya nyuma, dereva na mwenzake mbele kwenye kiti kimoja. Daraja limejengwa kwa mabilioni, usafiri wa juu yake umeachiwa wapiga debe.

Mgeni wa Mawe

Nimewasoma wote. Baba wa Watatu, nimeoa, watoto wawili, na wanakuja Januari shule zikifunguliwa, kwa hiyo la wanafunzi kuachwa vituoni linanihusu kabisa. Lakini kaka, gari lako haliwaondoi wale wengine kituoni. Linawaongezea foleni. Konda akishurutishwa kubeba wanafunzi, au halmashauri ikaweka gari la wanafunzi asubuhi kwenye kila barabara kati ya zile tatu, wewe na mimi tutapona pamoja.

Viwanja nakubali, na hapo ndipo lawama yangu ilipo: mnapimiwa viwanja mamia kwa mamia, kwenye mchoro pana shule, zahanati, hata sehemu ya kuabudu, kituo cha daladala hakuna. Mtu anauziwa kiwanja pamoja na ulazima wa kununua gari, na bei ya hilo gari dalali haitaji.

Mhandisi, njia ya Kishiri nipo nayo. Wasiwasi wangu ni kwamba lami ikikamilika watakaoijaza ni wenye IST wakikwepa foleni ya mjini, daladala zije mwisho kuokota makombo. Ruti zitangazwe kabla ya lami kukauka.

Mama Dagaa, hoja yako ndiyo bora kuliko zote humu na ndiyo ya bei ndogo.

Baba wa Watatu, Buswelu

Sawa, lakini hujajibu saa nane usiku.

Mgeni wa Mawe

Sijajibu kwa sababu sina jibu zaidi ya namba ya dereva wa bajaji anayelala jirani. Ninayo tayari, nimeichukua siku niliyolipa kodi. Nyumba iko Nyakato, nyuma ya lami, haina ziwa hata kwa kuchungulia.

Kijiwe cha Nyegezi

Nyakato? Basi bei ya kukuhamishia vitu kutoka stendi tuongee pembeni, mkuu. Dodoma unakuja na makochi?