Grafini: kwa nini pembe ya nyuzi 1.1?

Mwalimu_Moro: Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha sita. Jana mwanafunzi kaniuliza: grafini ni kaboni ileile, tabaka lenye unene wa atomu moja tu, inakuwaje ukilaza tabaka mbili na kugeuza moja kidogo tu, zipitishe umeme bila ukinzani? Swali limeninyima usingizi.

Kioo: Mwalimu, chukua vyandarua viwili, laza kimoja juu ya kingine, geuza cha juu kidogo sana. Utaona mawimbi makubwa kuliko matundu yenyewe. Kwenye grafini, ukigeuza kwa pembe ya nyuzi 1.1, mawimbi hayo hujirudia kila nanomita 13 hivi. Mpangilio wa kaboni, kila nanomita 0.246. Hapo elektroni hupungua kasi mno, basi msukumano wao wenyewe ndio unaotawala. Wanafizikia Bistritzer na MacDonald walikokotoa pembe hiyo 2011. Mwaka 2018 kundi la mwanafizikia Jarillo-Herrero, chuo cha MIT, Marekani, likarekebisha idadi ya elektroni kwa volti, na ukinzani ukatoweka kwenye baridi kali ya kelvini 1.7.

Dada_Fizikia: Hata kinachowekwa chini kina neno. Boroni nitridi, fuwele inayolazwa chini ya grafini, ikilingana nayo pembe, hufungua pengo la nishati, yaani nishati ambazo elektroni haziwezi kuwa nazo.

Mwalimu_Moro: Nimejaribu na neti za wanangu, nimeyaona! Kesho nazibeba darasani.