Prosesa niliyoiovakloki zamani saivi inaganda katikati ya kurenda, ndo inakufa?

Mhariri_Sinza
Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo yenu maana hapa nimeshika kazi za watu. Mashine yangu ya kuedit ni i7-8700K, ile ya mwaka 2017 yenye kora 6, bodi Z370, ramu GB 32 za 3200, na ofisi ni kachumba kadogo huku Sinza hakana AC, kuna feni ya ukutani tu. Tangu naijenga niliiovakloki, yani kuipandisha spidi kupita ya kiwandani, hadi 5.0 GHz kora zote kwa volti 1.36, nikaiachia Prime95 (programu ya kuikamua prosesa) usiku kucha ikatulia, na kwa kweli imenilisha hii mashine, sendoff, harusi, kicheni pati zote zimepita humo na haikuwahi kunisumbua.

Sasa toka joto la mwezi wa 12 lianze ndo vituko. Narenda video ndefu, yani kuitoa iwe faili kamili, ikifika katikati Premiere, programu ninayoeditia, inajifunga bila kusema chochote, siku nyingine inaganda hadi mausi haisogei, na jana imeleta skrini ya bluu imeandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, yani Windows inalalamikia kosa la hadiwea. Cha ajabu nikiwa naperuzi tu au naangalia mpira haina shida hata chembe. Bayosi (mipangilio ya msingi ya bodi) sijaigusa. Kuna rafiki yangu ananiambia ongeza volti kidogo itakaa, mwingine anasema prosesa huwa hazifi, tafuta ugonjwa kwenye ramu. Naogopa kuongeza volti nikaimaliza kabisa, na bodi za Z370 saivi kuzipata Kariakoo ni kuzunguka kweli kweli. Nianzie wapi?

FeniMbili
Mkuu volti usiguse kwanza. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, iache pembeni wakati unarenda, uje utuambie joto la kora limefika ngapi na Vcore (volti inayofika kwenye kora) inasoma ngapi mzigo ukiwa umekolea, sio ile uliyoandika kwenye bayosi. Alafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger. Ukikuta namba 19 zimejazana na ndani wameandika parity, hayo ni makosa ambayo prosesa iliyakamata ikayarekebisha yenyewe kimya kimya, yani kora zilikuwa zinakosa volti ya kutosha muda mrefu kabla hujaona hiyo bluu.

binti_tabata
Naunga mkono ila kaka tenganisha matatizo. Piga picha kurasa zote za bayosi kwa simu, alafu rudisha kila kitu difolti, XMP (ile seti ya kuipa ramu spidi ya juu) nayo izime, urende video ile ile iliyokufa. Ikipita washa XMP peke yake, prosesa ibaki difolti, rudia. Wengi wanasahau kwamba Intel wenyewe hiyo 8700K wameiandikia DDR4-2666, kwahiyo hizo 3200 zako nazo ni ovakloki, zinaibebesha mzigo ile sehemu ya memori iliyo ndani ya prosesa. Usiku iachie MemTest86, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi. Ila tafadhali usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, utapona usijue dawa ilikuwa ipi.

Kamanda wa Mbagala
Mnamzungusha bure huyu. Miaka yote hiyo na vumbi la mjini, pesti ya kupitisha joto toka kwenye prosesa itakuwa imeshakauka zamani. Afungue hitisinki (chuma cha kupozea), apulize zile mbavu zote, afute pesti ya zamani kwa spiriti aweke mpya. Halafu ajue hiyo 8700K hata ndani, chini ya kile kifuniko cha chuma, Intel waliweka pesti tu hawakulehemu kama walivyofanya kwenye 9900K, ndo maana joto lake ni gumu kutoka hata uweke kipozeo kikubwa namna gani.

dogo_wa_pc
Samahani wakuu, hii si ndo ile ishu ya prosesa za Intel kujiharibu zenyewe?

FeniMbili
Hapana dogo, ile ni ya kizazi cha 13 na 14, zilikuwa zinajiombea volti kubwa kupita kiasi na Intel wakatoa apdeti ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa 8 mwaka 2024. Ya huyu ni kizazi cha 8, haihusiki. Ila linalofanana ni kwamba hata kule prosesa iliyokuwa imeshachoka apdeti haikuirudisha.

Mhariri_Sinza
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Joto lilikuwa linagonga 97, Vcore kwenye mzigo inashuka hadi 1.29, na WHEA namba 19 zipo za kutosha, nyingine za tangu mwezi wa 10 wakati mi nilikuwa naona kila kitu kiko shwari. Difolti video imepita vizuri. Difolti na XMP imepita. MemTest86 hamna hata kosa moja. Nikasafisha, kati ya mbavu za hitisinki kulikuwa na vumbi limegandamana kama blanketi, hewa ilikuwa haipiti kabisa, nikaweka pesti mpya na joto likashuka hadi 85. Nikarudi 5.0 kwa volti ile ile, imeenda mbali zaidi kuliko mwanzo ila mwisho imeganda tena. Kamanda ulikuwa sahihi kwenye pesti ila naona haijatosha.

Mwl_Elektroniki
Hapo umeshajipatia jibu kijana wangu. Ramu imeachiwa huru, joto umelipunguza, na 5.0 kwa 1.36 haikai tena wakati zamani ilikaa. Prosesa yako imezeeka kidogo, haijafa.

Transista zikikaa na volti kubwa kwenye joto kwa miaka, kizingiti chake cha kuwaka kinapanda polepole, kwahiyo spidi ile ile inataka volti zaidi kuliko siku ya kwanza. Pia mkondo mkubwa unasukuma atomi za zile nyaya nyembamba za ndani, zinahama taratibu. Black wa Motorola aliiandikia kanuni tangu mwaka 1969, na kwenye hiyo kanuni joto ndo linauma zaidi, kulipunguza kidogo tu kunaongeza maisha sana. Chumba chako mchana kiko 32 huko, kipozeo hakiwezi kushuka chini ya hapo hata ukinunua cha bei gani, ndo maana ugonjwa umejitokeza Desemba, Julai ungeweza usiuone.

Sasa yule rafiki wa kuongeza volti, kweli itakaa, nakubali. Itakaa miezi kadhaa, itazeeka haraka zaidi, utaongeza tena, na kila ukiongeza joto linapanda nalo. Usiingie humo. Shuka 4.7, anza na volti 1.25, upimie hapo. Na LLC, ile seti ya bayosi inayozuia volti kushuka kwenye mzigo, usikimbilie kuiweka ngazi ya juu kabisa kwa kuona volti inashuka, kule mzigo ukiachia ghafla volti inaruka juu kwa kitambo kifupi ambacho HWiNFO haikioni. Weka ya katikati.

binti_tabata
Shikamoo mwalimu. Naongezea, aweke AVX ofuseti 2, yani spidi ishuke hatua mbili yakija yale maagizo mazito ya hesabu yanayoitwa AVX, maana Prime95 mpya na baadhi ya kazi za video zinatumia AVX na pale ndo umeme unaliwa sana. Na mtaa kama umeme unapanda na kushuka, UPS yenye AVR (kisawazisha volti ya umeme) muhimu, haitaponya prosesa ila itakuondolea mashaka mengine.

Mwl_Elektroniki
Marahaba binti. Sahihi.

Mhariri_Sinza
Shikamoo mwalimu, nimefanya kama ulivyosema. 1.25 ilitoa namba 19 chache, nikaweka 1.27 zimekata. Iko 4.7, LLC ya katikati, joto juu kabisa 76 mchana wa leo na jua hili, na ile harusi iliyokuwa inanitoa jasho imetoka mzima mzima. Tofauti ya muda wa kurenda ipo ila ndogo mno, mteja haijui. Nilichokuwa nakipigania kwenye hiyo 5.0 sikioni tena.

Kamanda wa Mbagala
Safi sana. HWiNFO iache inahesabu hivyo hivyo, namba 19 ikirudi shuka 4.6 usisubiri bluu. Na vumbi angalia kila baada ya miezi mitatu.

Mhariri_Sinza
Sawa mkuu. Naendelea na za Januari.