Naomba ushauri: tunataka kulea watoto kwa zamu hapa ploti (Manyatta, Kisumu)

Nyota wa Kondele: Habari za jioni, wanajamvi. Nauza omena Kibuye na mtoto wangu ana miezi 5. Mama yangu yuko ushago, baba watoto yuko mjengo Eldoret. Niliporudi sokoni nilimpeleka kwa mama mmoja anayelea watoto hapa karibu. Watoto 13, chumba kimoja, yeye peke yake. Mara tatu sasa mtoto amerudi amelala fofofo, hata nikimwamsha hafungui macho, na maziwa niliyomwachia yako vile vile. Wiki hii nambeba mgongoni, jua lote la soko linamwishia yeye.

Kwenye ploti tuko akina mama wanne wenye watoto wadogo. Mmoja amesema tulee kwa zamu, kila mmoja abaki nyumbani siku yake. Nataka sana, lakini mtoto akiumia mikononi mwa jirani, tutaishije tena mlango kwa mlango? Waliojaribu, mlianzaje?

Mama Pacha, Nakuru: Pole sana dada. Huko usimrudishe. Kaptembwa tulilea kwa zamu karibu miaka miwili. Kabla ya siku ya kwanza tulikaa tukaambiana hata yale ya aibu: nani ana hasira za karibu, bwana wa nani hurudi mchana amelewa. Nyumba moja tuliiacha kwa hilo, mwenyewe akawa anafanyia zamu yake kwangu. Jiko la makaa linakaa nje. Ndoo za maji zote zifunikwe, kwa sababu mtoto huzama kwenye ndoo bila hata kelele. Pesa hatukuchanga, ukikosa zamu, unalipa kwa siku mbili.

Mkoba wa Afya: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kama bado analala hivyo hata ukiwa naye, nenda hospitali usiku huu. Kama ameamka vizuri, mpeleke kliniki kesho na useme yote, hata unachoshuku. Maziwa yako peke yake yanamtosha mpaka miezi 6. Kamua kwa mkono, funika, anyweshwe kwa kikombe safi, maana chupa ni ngumu kuosha. Kwa joto la Kisumu yasikae zaidi ya masaa manne. Na akifika miezi 6 chanjo ya malaria inaanza, usiikose.

Jirani Mwema: Sisi ilitushinda. Mmoja alihama ghafla, tukabaki wawili, zamu zikala siku za kazi. Msianze mkiwa chini ya watatu.

Baba Wawili: Mimi ni wa boda, na Jumanne asubuhi ni zamu yangu. Mwanzoni akina mama walikuwa wanakuja kuchungulia. Sikukasirika, ni watoto wao. Wahesabuni na akina baba walio karibu.

Nyota wa Kondele: Asanteni kwa moyo wote. Leo amecheza na amenyonya vizuri, lakini kliniki nitampeleka. Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, kwa hivyo tunakutana Jumatatu jioni, chai kwangu. Moja tu linanisumbua: niwaambie wale wazazi wengine?

Mama Pacha, Nakuru: Waambie leo, na mhudumu wa mtaa wenu pia. Wale 12 bado wako huko.