Nani aliyemtia popo wa Kidike katika hadithi ya Elisi?

BintiWete

Assalam aleikum jamani. Nna kitabu hapa mbele yangu, nimekitoa katika kasha la marehemu baba, na nawaomba msaada nyie mnaojua habari za watunzi wa vitabu vya watoto. Jalada la mbele hakina. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na zilobaki zinanuka karafuu na mafuta ya taa.

Ni hadithi ya Elisi katika Nchi ya Ajabu, yule mtoto aliyemfuata sungura mpaka akatumbukia shimoni. Baba alikuwa mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Akitusomea usiku, sie watoto tumekaa kwenye jamvi tunachambua karafuu, makonyo huku, karafuu kule, na chemli katikati. Ukisinzia hakupigi. Hukata hadithi pale pale ilipofika, akafunga kitabu na kidole ndani, na wenzio wote wakakukodolea macho mpaka uamke. Bora bakora.

Sasa mie mwenyewe nna wajukuu. Mkubwa wao, miaka 8, kaniuliza juzi: "Bibi, aliyetunga hii alikuwa nani?" Nikababaika. Nikaingia kwenye intaneti, nikakuta mambo ya ajabu kuliko hiyo nchi yenyewe. Mmoja anasema mtunzi alikuwa mvuta bangi. Mwengine anasema Malkia Victoria alikipenda kitabu akaagiza aletewe kinachofuata, akaletewa cha hesabu. Sijui nishike lipi.

Na lipo jengine. Nakumbuka vizuri sana Elisi anakaribishwa chai, wanakuja popo wa Kidike, wale wakubwa wa hapa kwetu Pemba, kundi zima, wanaangusha maembe kwenye vikombe, na mwenye chai anawatoza pishi moja ya karafuu kila popo. Kurasa hizo katika kitabu changu hazimo. Nimeitafuta ya Kiingereza nikaisoma kwa kamusi, pishi silioni. Tafsiri yetu ilikuwa mbali na asili, au ni mie?

Kaka yangu anasema ni mie. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kashikilia kwamba baba hakutusomea msimu wa karafuu kabisa, alitusomea Ramadhani baada ya tarawehe, barazani. Siku ya tatu hii tunabishana.

Maalim Mstaafu

Waaleikum salaam dada yangu. Anza na jina, maana ukitafuta kwa jina la kitabuni utapata nusu ya mtu. Lewis Carroll ni jina la kalamu. Mwenyewe aliitwa Charles Lutwidge Dodgson, kazaliwa 1832 kijiji cha Daresbury, Uingereza, mtoto wa tatu katika kumi na mmoja, na kafa Januari 1898. Kazi yake kusomesha hesabu Oxford. Alikuwa na kigugumizi, na alikuwa mpiga picha hodari zama ambazo kamera ni sanduku la kubebwa na mtu na dawa zake.

Ya bangi yaache, hayana mguu wa kusimamia. Ya Malkia aliyakanusha mtunzi mwenyewe kwa maandishi mwaka 1896, na bado watu wanayasimulia. Shajara zake zilikuwa daftari 13, zimebaki 9, nne hazijaonekana mpaka leo. Penye pengo kama hilo ndipo uzushi unapojenga nyumba. Kwa hiyo kila unalosoma juu yake, uliza: huyu kalitoa wapi?

Hadithi yenyewe ilianza kwa mdomo. Tarehe 4 Julai 1862, Dodgson na rafiki yake Duckworth waliwapakia mashuani watoto watatu wa mkuu wa chuo chao, Lorina, Alice na Edith, wakapiga makasia mtoni karibu maili 3 kutoka Oxford hadi Godstow. Njiani watoto wakataka hadithi. Alice, miaka 10, ambaye jina lake ndilo la Elisi wako, ndiye aliyemng'ang'ania baadaye aiandike. Na hapa patakufurahisha wewe na kaka yako: Dodgson, Duckworth na Alice, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kusema siku ile jua liliwaka kweli kweli. Waliokwenda kufungua daftari za hali ya hewa za Oxford wamekuta siku ya mawingu na mvua.

Sasa popo. Popo yumo, lakini mmoja tu! Sura ya saba, kwenye hiyo hiyo chai, Mshona Kofia anaimba wimbo wa popo mdogo anayepaa juu kama sinia la chai. Na mwanzoni, Elisi akiwa bado anaporomoka shimoni, anajiuliza kama paka hula popo. Kidike haimo, pishi haimo, embe halimo.

Kuhusu kitabu chako: tafsiri ya kwanza ya Kiswahili, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, ilichapwa London 1940, mfasiri E. V. St. Lo, na humo Elisi kachorwa mtoto wa Kiafrika. Tazama picha zako. Ipo nyengine ya 2015 ya Ida Hadjivayanis, lakini humo mtoto ni Alisi, si Elisi, kwa hiyo hiyo siyo yako.

SahaniYaUrojo

Shikamoo Bi Wete. Mie sina elimu ya haya, nimepita tu. Maalim wetu wa darasa la nne naye alituhadithia hii, akatwambia yumo Dodo anayeendesha mashindano ya mbio. Darasa zima tukajua ni embe dodo lenye miguu. Mpaka nimemaliza skuli, wallahi, naliona embe linakimbia.

Maalim Mstaafu

Hahaha. Dodo ni ndege, kijana. Aliishi Morisi, bahari yetu hii hii, mabaharia wakammaliza miaka 300 na zaidi iliyopita. Mtunzi alijitia mwenyewe humo: Dodo ndiye yeye Dodgson, Bata ndiye Duckworth, na wale ndege wawili wengine, Lori na Kinda la Tai, ni Lorina na Edith. Watoto waliokuwamo mashuani walijijua.

Mshona Majuzuu

Bi Wete, mie kazi yangu kuvifunga upya vitabu na misahafu iliyochakaa, hapa Mji Mkongwe. Kwanza nakuomba, usitie selotepu. Ikikaa miaka mitatu inageuka njano na inang'oa wino. Kurasa zilizolegea ziweke kati ya karatasi nyeupe kavu, ufunge kwa uzi wa pamba, basi.

Pili, geuza nyuma. Watu hutazama maandishi tu, lakini habari za kitabu mara nyingi ziko kwenye gundi. Huyo Dodgson aliiandika hadithi yote kwa mkono wake, akachora picha 37, akampa Alice zawadi Novemba 1864. Ukurasa wa mwisho akabandika picha ya Alice aliyoipiga mwenyewe. Alice alipokwisha kuwa mtu mzima, mjane, akauuza muswada huo mnadani 1928 kwa pauni 15,400. Ukenda Marekani, ukarejeshwa 1948, na uko Maktaba ya Uingereza mpaka sasa. Muda wote huo hakuna aliyejua kilichoko chini ya ile picha. Mwaka 1977 ndipo ilipogundulika kwamba chini yake kuna mchoro wa uso wa Alice, kauchora mtunzi, kisha akaufunika. Nadhani hakuridhika nao.

Na muswada huo hauna ile chai! Hauna chai wala yule paka anayecheka. Aliviongeza baadaye alipokuwa anatayarisha kitabu cha 1865, na hadithi ikawa karibu mara mbili. Kwa hiyo baba yako kama aliongeza popo, hakuanza yeye.

Kitabu chako kina jalada la nyuma? Kuna kilichobandikwa?

BintiWete

Nimerudi. Ahsanteni sana, Mungu awalipe.

Elisi wangu kachorwa mtoto wa Kiafrika, kwa hiyo ndicho hicho cha 1940. Mjukuu kafurahi, kasema kafanana na Bi Mkubwa wa jirani.

Juzi nikapanda gari kwenda Konde kwa shangazi, ndugu wa baba aliyebaki. Nikamsomea yote mliyoandika. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema kurasa za chai zililiwa na mbuzi wa bibi, hata mie sijazaliwa. Kitabu kiliachwa ukumbini, mbuzi kaingia. Baba alikuwa keshakisoma zamani, kwa hiyo kila akifika pale hugeuza ukurasa mtupu kama anasoma, akatia ya kwake. Popo ilikuwa lazima wawemo, kwa sababu ndugu zangu wakubwa walikuwa wanawaogopa. Pishi ilitokana na sie kulalamika kwamba mikono inauma. Kila mwaka, kasema shangazi, ile pishi ilipanda bei.

Jalada la nyuma lipo, Mshona Majuzuu, na kwa ndani kulikuwa na karatasi ya kaki imebandikwa kwa uji wa muhogo. Nimeilowesha kidogo kidogo kwa pamba, nusu ya asubuhi. Chini yake hamna mchoro. Kuna hesabu za karafuu kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa baba: majina ya wachumaji, na mbele ya kila mmoja pishi alizochuma. Jina la shangazi limo, pishi 4, kisha limekatwa ikaandikwa 3. Kasema hilo hajalisahau. Juu kuna tarehe: 29 Septemba 1974.

Basi karafuu hiyo, kaka asemeje?

Maalim Mstaafu

Dada yangu, pole pole. Mwaka 1974 Ramadhani iliingia kati ya Septemba, na Idi ilikuwa katikati ya Oktoba. Tarehe 29 mlikuwa mmefunga. Mlichambua karafuu baada ya tarawehe.

BintiWete

Subhanallah. Nimempelekea kaka picha ya karatasi pamoja na maneno yako, Maalim. Nikaona kasoma. Kakaa saa nzima, kisha kajibu neno moja:

"Barazani."