Maonyesho ya gemu za zamani Tabora: kaseti za kopi zipewe meza au zibaki nyumbani?

Kaseti Orijino (Tabora): Wakuu, habari za jioni. Yale maonyesho ya gemu za zamani tunayoandaa hapa Tabora mjini yamefika pazuri, siku moja tu, meza za wakusanyaji, TV za kuchezea na kona ya kubadilishana vitu. Hoja iliyotugawa ni moja, kaseti za kopi ziruhusiwe mezani au la? Mimi nasema la. Mtu amehangaika miaka kupata mashine za gemu kama Famicom ya Nintendo ya Japani, Mega Drive, PlayStation ya kwanza na diski zake, alafu pembeni yake anakaa jamaa na kile kikaseti cha njano kimeandikwa gemu 9999999, ukihesabu humo ziko tano zinabadilishwa majina tu. Wenzetu kule Portland, Marekani wana maonyesho yao makubwa, watu wanapanda ndege kwenda kuangalia maboksi. Na sisi tuweke kiwango. Tivii gemu, zile mashine za kuiga za kuunga kwenye TV, za mnadani Ujiji tuziache hukohuko. Karibuni kwa hoja.

Mgebuka Mkavu (Kigoma): Ujiji imekukosea nini wewe? Ungesema tu kopi marufuku tukakuelewa, mpaka uitaje Ujiji? Kwani huko Tabora mlikuwa mnaletewa na Nintendo wenyewe mlangoni?

Mtu wa Isevya: Hahaha tulieni watani. Ila Orijino ana pointi, maonyesho bila mchujo yanageuka gulio. Alafu mtani wangu Mgebuka, Kigoma mlicheza saa ngapi? Umeme wenu miaka ile ulikuwa wa jenereta za dizeli, mtu anafika kwa bosi wa mwisho pap, giza.

Mgebuka Mkavu: Hapo sasa umeniingiza uwanjani. Sisi tulicheza na betri ya gari ndugu yangu. Ile TV ndogo nyeusi na nyeupe ya volti 12 unaiunga kwenye betri, tivii gemu yenyewe inataka volti 9 tu, kaka mkubwa alikuwa anajua kuipunguzia. Kibirizi huku watu walikuwa wanalipia zamu. Shida ilikuwa gemu moja tu, ile ya Dr. Mario ya vidonge. Vidonge ni vya rangi, nyekundu, njano na bluu, unapanga za kufanana, sasa kwenye nyeusi na nyeupe vyote ni kijivu! Tulikuwa tunakisia kwa weusi wake. Na watu walikuwa wanavuka leveli hivyohivyo. Leta mtoto wa Tabora yeyote aje afanye hilo.

Mtu wa Isevya: Muongo wewe 😂 njano na bluu zitofautishike kwenye kijivu?

Mgebuka Mkavu: Njano inang'aa zaidi. Nyekundu na bluu ndo zilikuwa zinatuua.

Fundi Risasi (Kigoma): Anasema kweli, mi nilikuwepo zama hizo. Turudi kwenye kaseti kidogo maana naona mnazungumzia kopi na wengine hamjawahi kufungua hata moja. Kopi nyingi ukifungua unakuta kiubao chembamba na tone la gundi nyeusi katikati, chipu imefunikwa humo, likishakufa hilo tone huna cha kufanya, tupa. Orijino unakuta chipu ina miguu yake imechomewa vizuri, unaweza kuitoa ukarudisha. Na msichanganye, kaseti za Famicom ya Japani zina pini 60, Nintendo waliyouza Marekani ina pini 72 na ndani kuna chipu ya kukataa kaseti wasiyoitambua. Tivii gemu zetu zilifuata ile ya Japani. Na acheni kupuliza kaseti! Mate yanaingia kwenye pini zinaota kutu. Futa kwa pamba na spiriti.

Kijana wa Mwanga: Fundi heshima yako. Ila Famicom na Mario vyote si vilitoka 83?

Fundi Risasi: Mashine ndo 1983. Super Mario Bros. ni 1985.

Dada Maktaba (Tabora): Samahanini naingilia. Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, walitoa utafiti 2023, gemu 87 kati ya 100 zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenye haki zake. Yaani hata ukiwa na hela huzipati dukani. Sasa kama kopi ndo zilizofika kwetu na ndo watu walizocheza, ukizifukuza ukumbini unaonyesha historia ya nani? Unaonyesha utoto wa mtoto wa Osaka. Nyie wazee wa maboksi mnapenda plastiki ambayo haijafunguliwa kuliko gemu yenyewe.

Kaseti Orijino: Dada yangu "wazee wa maboksi" sijaipenda. Mimi vitu vyangu nacheza, si wa kuweka kabatini. Na sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, ukipanga kopi mezani na bei juu yake wewe ni mfanyabiashara ya magendo, tusizungushane.

Dada Maktaba: Nani kasema ziuzwe? Nimesema zionyeshwe. Soma basi kaka.

Mtu wa Isevya: "Nacheza" anasema. Gemu ya Contra umewahi kuimaliza bila juu juu chini chini, ile kodi ya siri ya vitufe ya kuongeza maisha?

Kaseti Orijino: Kwa maisha matatu, bila kodi.

Kijana wa Mwanga: Weka video.

Mgebuka Mkavu: Ataweka video ya boksi 😂😂

Kaseti Orijino: Endeleeni na utoto. Kuna jambo la maana hapa, bastola ya ile gemu ya kupiga bata kwenye TV ninayo, orijino, ila TV zote tulizoahidiwa ni flati na haifanyi kazi.

Fundi Risasi: Haiwezi kufanya. Ukibonyeza, skrini inakuwa nyeusi kidogo alafu penye bata panatokea kiboksi cheupe, jicho la bastola linasubiri huo mweupe wakati huohuo. Flati inachelewesha picha, bastola inajua umekosa. Hapo lazima chogo, ile TV nene ya zamani.

Kijana wa Mwanga: Chogo siku hizi utaipata wapi, watu wamezigeuza viota vya kuku.

Mgebuka Mkavu: Mi ninayo, inchi 14, ya rangi, nzima. Kitufe cha sauti tu kimezama unabonyeza na njiti ya kiberiti.

Kaseti Orijino: Ina tundu za AV au antena tu?

Mgebuka Mkavu: Antena. Naweza kuja nayo na treni. Ila nakuja na meza yangu na makaseti yangu ya Ujiji, yote, ya njano na ya kijani.

Kaseti Orijino: Mkuu tuongee pembeni.

Mgebuka Mkavu: Pembeni ya nini, ongea hapahapa watu wasikie.

Mtu wa Isevya: Chogo la mtani likifika stesheni mi nalibeba mwenyewe mpaka ukumbini.

Kaseti Orijino: Meza moja. Ya mwisho karibu na mlango. Hakuna kuuza.

Mgebuka Mkavu: Karibu na mlango ndo watu wanapita wote, sawa nimekubali.

Dada Maktaba: Na kiingilio bei gani jamani? Na watoto nao wanalipa?