Mashini ya kuosha byombo haimwage maji: pompi mupya, tiyo ya inje, ao tuifungue wenyewe?

MamaWaNguba
Bonjour bote. Niko na mashini ya kuosha byombo, Bosch, okazio ya kutoka Bulaya, miaka mbili haikunisumbua. Sasa ni siku ya ine inaosha muzuri lakini maji ya mafuta inabakia chini, inanuka, kisha inasimama na kuandika E24. Pompi nasikia inavuma mmmm halafu inanyamaza. Fundi mumoja alisema ninunue pompi mupya, dola 45 na kazi yake 20. Jirani anasema tuachane na sifo ya evie (ile tiyo ya kupindika chini ya evie), tutoboe ukuta tiyo iende inje mu kanivo. Bwana yangu anasema tuifungue sisi wenyewe. Munishauri, juu tuko watu tisa na mimi njo naosha yote na mikono, mugongo inauma kweli.

FundiKadutu
Pole mama. Pompi usinunue kwanza. Yenye inavuma iko inapata umeme, mara mingi kuna kitu imefunga elisi yake (ile yenye kuzunguka na kusukuma maji) ao njia imeziba. Na E24 ku Bosch ni njia ya kumwagia maji, ingekuwa E25 ningeanzia ku pompi yenyewe. Fanya hivi: chomoa tiyo pale ku sifo, iweke mu ndoo, uanzishe kumwaga. Maji ikitoka na nguvu, shida iko ku sifo na hauna haja ya kugusa mashini. Ikitoka kidogokidogo, shida iko mu tiyo ao mu mashini.

YayaMuhumba
Mama tafazali tiyo ya inje usikubali!! Mimi nilifanya hivyo, nyumba yetu iko mu mutelemuko sawa Bukavu yote, mudomo wa tiyo ukawa chini kuliko mashini, basi ilikuwa inaingiza maji na maji inajikimbilia inje yenyewe, inaingiza tena inakimbia tena, asubui tukakuta sitere iko tupu. Tiyo inapashwa ipande kwanza, kitabu cha yangu kilisema kati ya sentimetre 40 na 100 kutoka chini. Na ile maji ya sabuni kila siku ku ukuta wa jirani wa chini, na huu udongo wetu wenye kuporomoka, ni kesi unajitafutia.

MuzeeBagira
Munakula sambaza, ile samaki kidogokidogo? Kwangu ilikuwa bichwa bya sambaza na bugali. Bugali ya muhogo ikikauka mu filtiri inakamata sawa kole. Tosha filtiri yote, ile ya mviringo na ile ya bapa, uisugue na burosi ya meno chini ya maji ya moto. Bikarbonate na vinegre inasaidia mafuta na harufu, mufupa haiwezi kuyeyusha.

MamaWaNguba
Aksanti sana. Tulifanya ya ndoo, maji ilitoka kauzi kembamba tu. Filtiri ilikuwa chafu lakini hata kiisha kuosha bado. Sasa?

FundiKadutu
Chomoa prizi kwanza, mama, hiyo ni lazima. Kausha maji na eponji. Chini ya filtiri kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kinyanyue na mukia wa kijiko. Vaa gan, zungusha elisi polepole. Itazunguka kwa kurukaruka, ni juu ya simaku ya ndani, usiseme imeharibika. Ikikataa kabisa, chungulia na toroshi.

MamaWaNguba
Jamani! Kipande cha glasi, kidogo sawa ukucha wa kidole cha mwisho, kimesimama katikati ya elisi na mufupa wa kuku umejikunja pembeni. Bwana alikitosha na pense ya nyusi zangu. Tumerudisha kifuniko mpaka kikalia tak, tumewasha, maji ikapiga ndani ya ndoo paaa! Lakini inalia krrr kidogo.

FundiKadutu
Krrr inaweza kuwa elisi ilikatika jino moja. Tumia tu, chunga ile dola 45, ikianza tena kuacha maji njo utanunua. Na yale maji kidogo yenye inabakia chini ya filtiri ni kawaida, usiikaushe.

KijanaNyawera
Na yangu ni mupya kabisa, tangu siku ya kwanza haikumwaga hata tone?

YayaMuhumba
Kaka, chomoa tiyo ku sifo uchungulie. Sifo mupya mara mingi mudomo wake uko umezibwa na plastiki, plombie anasahau kuitoboa.