Pedeli bapa za baiskeli ya mlimani, nichukue zipi?

Wakuu habari zenu, napanda baiskeli huku Lushoto njia za Usambara, mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza balaa na mguu unachomoka kwenye pedeli kila nikipiga shimo. Nataka za bapa, sitaki za kufunga kiatu. Nichukue za aluminiamu au za nailoni?

Jibu: Mkuu usianze na chuma au plastiki, anza na pini, vile vijino vidogo juu ya pedeli vinavyoshika soli! Pini za kufunga kwa skrubu ndo mpango mzima, zikilika unabadilisha, zile zilizotengenezwa pamoja na pedeli zikiisha basi tena. Halafu angalia upana, milimita 100 kwa 100 hivi inatosha mguu wa kawaida, na katikati iwe imebonyea kidogo ili unyayo ukae.

Jibu: Nailoni zinatosha kabisa, bei nafuu na zikigonga jiwe zinateleza tu zinapita. Ila viatu ndugu yangu, soli iwe bapa na laini, raba za kukimbilia zenye soli nene zinakunyima kushika hata ununue pedeli za bei gani. Na vaa kinga ya ugoko, pini zinachana.

Jibu: Ukifunga pedeli kumbuka ya kushoto inakaza kinyume, watu wanaharibu nyuzi za kranki (ule mkono unaoshika pedeli) hapo. Paka grisi kwanza.

Muuliza swali: Shukrani wakuu, nachukua nailoni zenye pini za skrubu, hela inayobaki naweka kwenye viatu.